Mashine Isiyojua Utani

Mbembelezi alikuwa akiongea na watu laki tatu kwa wakati mmoja, na kila mmoja wao aliamini anaongea na rafiki yake.

Ndivyo kampeni za urais zilivyoendeshwa mwaka ule. Mikutano ya hadhara ilishapitwa na wakati. Nani akasimame juani kumsikiliza mtu akipiga kelele jukwaani? Ukiwa na mgombea wako, ulimwazimisha Mbembelezi, mashine ya kampeni, sauti yako. Unasoma kurasa chache mbele ya kinasa-sauti, unamruhusu aingie kwenye majina ya simu yako, basi, kazi imekwisha. Yeye ndiye anayewapigia rafiki zako ambao hawajaamua, kwa sauti yako, kwa kicheko chako, hata kwa kile kikohozi chako cha asubuhi, na anawabembeleza mpaka wakubali. Wewe huku unakunywa chai.

Aliyeyaunda maajabu hayo ni mhandisi Editruda Mgimwa, Mhehe wa Iringa, mwanamke mwenye akili nyingi na subira kidogo. Ofisini kwake Dodoma ukuta mzima ulikuwa ramani ya nchi, na kila mpiga kura alikuwa nukta. Aliyekubali kumchagua Mama Hidaya Mbwambo aligeuka kijani. Ambaye hajaamua alibaki kijivu.

"Huyu wa Songea ana nini?" aliuliza Bwana Shekalaghe, meneja wa kampeni, siku chache kabla ya uchaguzi. "Mwezi mzima kijivu tu. Na anaongea na sauti yako wewe mwenyewe!"

Editruda hakuhitaji kusoma jina. Alikuwa Longinus Ngonyani, Mngoni, rafiki yake tangu chuoni, na mtani wake. Wahehe na Wangoni wamekuwa watani tangu babu zao walipochoka kupigana vita, na hawa wawili walikuwa wakiutendea haki huo utani. Editruda alipopata kazi, Longinus alimpigia kuuliza kama Dodoma imeishiwa watu. Longinus alipooa, Editruda alisimama katikati ya ukumbi akampa bibi harusi pole kwa sauti kubwa. Tangu kampeni zianze hawakuwa wamesemezana, maana Editruda alikuwa na kazi nyingi, na Mbembelezi alikuwepo.

"Niachie mimi," alimwambia meneja, akavaa spika za masikioni kusikiliza mazungumzo yaliyohifadhiwa.

"We Mhehe, kumbe upo?" Longinus alianza kwa furaha. "Nilidhani umeshafungwa!"

"Asante kwa kunikumbuka, Longinus," ilijibu sauti yake Editruda, laini kama ya mhudumu wa hoteli. "Ningependa kusikia maoni yako kuhusu sera ya afya."

Longinus akajaribu tena. "Babu zako walitukimbia vitani, na wewe umekimbilia siasa?"

"Naelewa hisia zako."

Editruda aliona aibu peke yake pale kitini. Ni yeye aliyemfundisha Mbembelezi adabu, asimtukane mpiga kura hata mmoja, asimpinge, asipandishe sauti. Sasa mtani akikujibu kwa adabu, maana yake nini? Maana yake amekununia. Na kweli, kila simu ilipopigwa Longinus alipungukiwa maneno, mpaka ule utani ukakatika kabisa. Kisha ikaja simu moja aliyoongea kwa sauti ya chini.

"Eda, mama ametutoka. Tunazika kesho."

"Pole sana, Longinus. Mama Hidaya anatambua machungu ya familia nyingi, ndiyo maana sera yake ya zahanati-ruka..."

Editruda alizing'oa zile spika masikioni. "Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu, nimefanya nini mimi?"

Mbembelezi hakuwa amemficha kitu. Aliundwa kutoa taarifa za rangi tu, na kufa kwa mama hakukuwa na rangi. Lakini jamani, mtani kukosa msiba! Nani aliyevaa nguo za marehemu akaigiza mwendo wake? Nani aliyewanyang'anya wachimba kaburi jembe mpaka wafiwa wakacheka, wakapata nguvu ya kulia vizuri? Hakuna. Bibi wa watu alizikwa kimya.

Asubuhi yake alipanda treni ya sumaku, na mchana alikuwa Songea. Longinus alikuwa barazani akimenya mihogo. Uani roboti la kupukuchua mahindi lilikuwa likinguruma.

"Karibu, mhandisi," alisema Longinus bila kusimama. "Habari za safari?"

Adabu ile ilimchoma Editruda kuliko tusi. Alipita moja kwa moja ndani, akamnong'oneza Tekla, mke wa Longinus, na baada ya muda akatokea akiwa amejifunga kanga ya marehemu, miwani yake puani, mkono kiunoni, akiburuta mguu wa kushoto.

"Longinus! Hiyo mihogo unaimenya au unaichonga vinyago? Mtoto gani huyu nilimzaa! Mguu unaniuma, na wewe umekaa kama mgeni wa kuposa!"

Kisu kilimdondoka Longinus. Alicheka mpaka akashika ubavu, na kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti mbele ya mkewe na majirani waliokuwa wanapita. Editruda alikaa chini kando yake akalia naye, miwani ya mama bado puani.

"Nilimpenda," alisema. "Na sikuja. Sikujua, Longi. Ile sauti kwenye simu siyo mimi. Ni mashine."

Akamweleza yote. Longinus alisikiliza akifuta pua.

"Kwa hiyo lile 'naelewa hisia zako' ni mashine?"

"Mashine."

"Na mimi nikasema huyu Mhehe adabu kaipata wapi!" Alicheka kidogo, kisha uso ukabadilika. "Lakini umeiunda wewe."

"Nimeiunda mimi."

"Na rafiki yangu Kastory je? Na Rehani? Wote walinipigia. Wote niliwaambia mama amefariki, wote wakaniletea habari za zahanati-ruka."

"Nao walikuwa mashine."

"Eda, nimekaa mwezi mzima nikijua sina rafiki hata mmoja duniani."

Editruda alivua ile miwani ya mama. Longinus aliokota kisu chake, akakifuta.

"Haya, nibembeleze sasa. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Na uanzie hapa. Zahanati-ruka ni ndege yenye daktari-roboti ndani, si ndiyo? Unaita, inakuja kabla chai haijapoa. Kwa mama tuliiita. Ilitua watu wamekaa matanga, ikauliza mgonjwa yuko wapi. Na waziri wa afya ni huyo huyo Hidaya wako."

"Amekosea," alisema Editruda. "Amekosea vibaya, na sijui kwa nini ilichelewa. Ila hebu sikiliza, we Mngoni mwenye kichwa cha jiwe. Mpinzani wake anasema akishinda anaziuza zote. Hidaya tukimpa kura tunamdai, nitakuja twende wote mlangoni kwake. Huyo mwingine utamdai nini, naye kashakuambia hana?"

"Unamtetea kwa sababu anakulipa!"

"Ananilipa, ndiyo! Kesho hatanilipa tena, na bado nitampigia kura!"

Walizozana mpaka roboti la mahindi likasimama, likidhani linafokewa lenyewe. Longinus alikuwa anafoka, mishipa ya shingo imemtoka, na macho yanang'aa kwa raha.

"Hapo sasa umeongea," alisema mwishowe. Halafu akauliza polepole, "Na hao wengine wote? Wanaongea na nani sasa hivi?"

Editruda alichukua simu, akampigia meneja.

"Bwana Shekalaghe, nazima sauti zote. Na kila aliyeazimisha sauti yake atapelekewa yale rafiki zake waliyomwambia Mbembelezi. Ya kura tuyaache. Yale mengine yote."

"Utatupotezea urais!"

"Leo nimempata mmoja kwa mdomo wangu. Na wengine waende wakaongee."

"Hujampata!" alidakia Longinus kutoka kule kwenye mihogo. "Nitaamua kituoni!"

Editruda alikata simu, akaingiza amri anayoijua yeye peke yake, na nchi nzima Mbembelezi akanyamaza.

Tekla alileta maji ya kunawa. Kabla hawajagusa chakula, simu ya Longinus iliita. Ilikuwa Kastory. Longinus aliitazama kwa hofu, kisha akamtazama Editruda.

"Pokea," alisema Editruda.

Upande wa pili kulikuwa na mtu mzima analia, anauliza mama amefariki lini, anaapa kwamba hakuambiwa. Longinus alimsikiliza amefumba macho.

"Kastory," alisema, "nitukane kidogo kwanza, nijue ni wewe."

Na Kastory, huku akilia, alimtukana vizuri sana.