Ukoko Mweupe Bafuni kwa Bwire

Ukoko ulikuwa na joto. Javan Bwire alilitambua hilo Jumapili asubuhi, mwaka wa 1998, akiwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa katika bafu la nyumba yake ya kupanga, mtaani Pipeline, Nairobi. Maji ya kisima cha jumba lile yalikuwa ya chumvi, na kila mpangaji alikwisha kuzoea weupe yaliouacha kwenye mabomba, kwenye sufuria, hata kwenye nguo. Lakini jioni iliyotangulia Bwire alikuwa ameivika shawa mfuko wa plastiki uliojaa siki, akaufunga kwa uzi, kisha akaisugua kwa mswaki mkuukuu hadi kila tundu likaonekana. Sasa matundu yote yalikuwa yamezibwa tena. Ukoko wa chokaa hauna joto. Joto lile lilikuwa la ngozi ya mtu.

"Baba Mourine," Nekesa aliita kutoka jikoni, "umeoa hiyo shawa? Mwambie mke mwenzangu atoke, mtoto anataka kuoga."

Bwire hakucheka. Harufu nayo ilikuwa imerudi, ya vidonda vilivyofungwa kwa kitambaa kichafu na mafuta yaliyochacha. Aliijua. Ilikuwa harufu ya Rispa Nerima, mamake Nekesa, waliyemzika kijijini Misikhu mwezi wa Aprili.

Rispa alikuja Nairobi kutibiwa miguu. Bwire, ambaye alikuwa karani wa reli, alimlaki kwa heshima ngazini, kisha akamwambia mkewe kwa huzuni kwamba mila haziruhusu mama mkwe kuoga katika bafu la mkwewe. Nekesa akasema kwamba mila hiyo ina mlango: mkwe akimpa mama blanketi, kwa idhini ya mzee wa ukoo, aibu hufunguliwa. Bwire akaahidi kumwuliza baba yake mdogo, Patrobas. Siku chache baadaye akasema Patrobas amekataa.

Hakumwuliza Patrobas neno. Alichokuwa amekikataa ni ile harufu, akaivisha vazi la mila.

Mama alitafutiwa chumba mtaa wa Huruma, ambako maji yalinunuliwa kwa mtungi. Kila Bwire alipompelekea chakula, akisimama mlangoni na kutazama pembeni kama adabu inavyotaka, aliombwa jambo lile lile: "Mkwe wangu, nipatie maji mengi ya moto. Nioge mwili mzima, hata mara moja tu."

"Nitaona, Mama," alijibu. Mama akafa hajaoga.

"Baba!"

Alikuwa Mourine, binti yao wa miaka mitano, amesimama mlangoni pa bafu huku akipapasa ukuta. Kwa wiki nzima alikuwa akiamka na kope zilizogandana, na dawa ya matone haikufua dafu. Asubuhi hii macho yote mawili yalikuwa yamefunikwa kwa utando mweupe, mgumu kama ganda la yai.

"Baba, sioni. Kukhu anasema maji ni baridi."

Kukhu ndivyo Mourine alivyomwita nyanya yake Rispa. Nekesa akaangusha mwiko.

Alasiri aliitwa Asenath, mama wa maombi wa kanisa lao, akaja na kanzu yake nyeupe na kilemba. Aliingia bafuni peke yake. Alipotoka alikuwa akinong'ona.

"Ndugu Bwire, jini la maji halivunji mlango. Huingia palipo na uongo, likavaa sura ya aliyedanganyiwa. Nani humu ndani alisema uongo juu ya maji?"

Bwire alitazama viatu vyake.

"Nyamaza tu," Asenath akasema. "Macho yakikwisha, litashuka puani kwa mtoto."

"Sikumwuliza Patrobas," Bwire akasema, kwa sauti ndogo mno.

"Sema tena," Nekesa alimwambia.

"Mama Mourine, sikumwuliza. Ilikuwa harufu. Nilishindwa na harufu."

Nekesa hakulia wala hakumtukana. Aliingia chumbani, akang'oa blanketi kitandani mwao, akamrushia kifuani. "Basi mpe."

Bwire akasimama mbele ya mlango wa bafu uliofungwa, blanketi mikononi, akasema, "Mama, karibu uoge," na kabla hajamaliza bomba likafunguka lenyewe, maji yakaanza kumwagika kwa kishindo, maji ya moto katika nyumba isiyokuwa na chombo cha kuyapasha, mvuke ukitambaa chini ya mlango na ile harufu ndani yake, na vipande vya chokaa vikasikika vikidondoka sakafuni kimoja kimoja, kisha vingi kwa pamoja, na katikati ya yote hayo pumzi ndefu ya mwanamke mzee ambaye maji yamemfika mabegani. Utando ukabanduka machoni pa Mourine. "Mama, nakuona!" akapiga kelele. Asenath akaanza wimbo wa shukrani.

"Mkwe wangu," sauti ikaita kutoka ndani.

Wimbo ukakatika.

"Naam, Mama."

"Aibu imefunguliwa?"

"Imefunguliwa, Mama."

"Basi ingia unisugue mgongo."

Hakuna mwanamume wa kwao aliyewahi kuombwa jambo kama hilo. "Mama, nisamehe, hilo siwezi," akanong'ona, na papo hapo Mourine akaanza kufikicha macho, kope zake zikipauka. Bwire akamgeukia Asenath, naye akatazama pembeni. Akamgeukia mkewe. Nekesa alikuwa tayari ameshika kitasa.

"Nenda," alisema, akamfungulia. "Mama ameita."

Bwire aliingia, na mlango ukafungwa nyuma yake. Mgongo aliouona katika mvuke ulikuwa mweupe wote, mgumu, umejaa matuta. Akafumba macho, akaanza kuusugua kwa mikono mitupu, na kila kilichobanduka pale kilimganda vidoleni.