Ndoo ya Wali na Mkate wa Columbus

Angelika hakuamini chakula ambacho hakukiona kikipikwa. Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na huko alijifunza kwamba msafiri hubeba cha nyumbani. Sasa aliishi South End, mjini Louisville, Marekani, na kazi yake ilikuwa ghalani Jeffersontown. Desturi yake hakuiacha. Kila safari ya kwenda kwa wakwe, alipika wali jioni. Aliujaza kwenye ndoo ungali unatoa mvuke, akafunga kifuniko, akaizungushia ndoo blanketi.

"Chakula cha safari kifike na joto lake," alisema. "Wakwe wakifunua, wajue wana mkamwana."

Mwaka jana ndoo hiyo ilikwenda Buffalo, kwenye harusi ya shemeji yake, Methodi. Angelika alikosa ruhusa kazini. Mumewe, Reginaldi, alipanda basi na binti yao Witness, wa miaka kumi na mmoja. Basi liliposimama Columbus, Reginaldi alinunua mikate ya Kivietinamu kwenye kibanda karibu na kituo. Mikate mirefu, yenye nyama na karoti za siki ndani. Saa mbili baadaye akaanza kutapika. Alifika Buffalo hawezi kusimama. Mdogo wake alifunga ndoa yeye akiwa hospitali, dripu mkononi.

Tangu siku hiyo Angelika alimpata adui. Mtaani kwao, Mama Hanh, Mvietinamu, alikuwa na duka la mikate hiyohiyo. Kila alipopita hapo, Angelika alichungulia dirishani kama askari. Kanisani aliwaonya wanawake wenzake.

"Nyama ile huijui ilikotoka," aliwaambia. "Muulizeni Baba Witness."

Sasa Methodi alikuwa amepata mtoto. Ubatizo ulikuwa Jumapili, na Reginaldi ndiye baba wa ubatizo. Safari hii ilikuwa lazima afike mzima.

Ijumaa mchana Angelika alikuwa anaosha ndoo yake. Theresia akabisha hodi. Theresia ni Mtanzania, jirani wa mlango wa pili, na alifanya kazi jikoni kwa Mama Hanh. Mkononi alishika mkate mrefu.

"Karibu ndani," Angelika alisema. "Lakini hicho ulichoshika kibaki nje."

Theresia akacheka. "Mkate umekukosea nini, Mama Witness?"

"Ulimlaza mume wangu hospitali."

"Huu?"

"Ndugu yake."

Theresia akaketi. "Siku ile kabla ya mkate, Baba Witness alikula nini?"

Reginaldi alikuwa anapiga viatu rangi. "Wali kidogo," alijibu.

"Sahani mbili," Witness alisema kwa Kiingereza, bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

"Na wewe ulikula nini, mwanangu?" Theresia alimuuliza.

"Mkate. Wangu, na nusu ya wa Baba. Sikuutaka wali. Ulinuka."

"Ukatapika?"

Witness akatikisa kichwa.

Angelika akaacha kuosha. Alimtazama Theresia kwa jicho la pembeni. "Unamtetea tajiri wako."

"Nauliza tu."

Angelika akamgeukia mumewe. "Wali wangu ulinuka?"

Brashi ya viatu ikasimama. "Kidogo," Reginaldi alisema. "Lakini ulikuwa wali wako, Mama Witness. Ningeutupaje?"

Angelika akaigeukia ndoo yake.

"Uliupika saa ngapi?" Theresia aliuliza kwa upole.

"Saa moja jioni."

"Akaula saa ngapi?"

"Saa sita mchana," Reginaldi alisema. "Tulikuwa tunakaribia Columbus."

Theresia akahesabu kwa vidole. "Saa kumi na saba ndani ya blanketi. Dada, sikiliza. Mchele una vijidudu ambavyo moto wa kupikia hauviui vyote. Wali ukikaa vuguvugu, vinazaana na kutoa sumu. Hata ukiupasha tena, sumu haitoki. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kikae moto kabisa, au baridi kabisa. Blanketi lako lilikuwa linalea vijidudu."

"Mbona kambini hatukufa?"

"Kambini wali ulibaki lini?"

Angelika akacheka bila kupenda. Kisha akajifuta mikono. "Twende kwa huyo Mama Hanh. Nataka kuona kwa macho yangu."

Dukani alisimama karibu na meza, mikono kiunoni. Mama Hanh alitoa nyama kwenye friji. Angelika akaomba ainuse. Akanusa. Akanusa tena. Mama Hanh alimsubiri, kisha akasema kwa Kiingereza, na Theresia akatafsiri.

"Anasema mama yake aliwauzia chakula abiria wa treni kwao Vietinamu. Abiria mmoja akiugua, behewa zima linajua. Ndiyo maana msafiri anamfungia kila kitu mbalimbali. Nyama kwenye barafu, karoti kwenye siki, mkate mkavu. Unavikusanya ukitaka kula."

Angelika akamgeukia Theresia. "Mwambie nimemsema vibaya kanisani. Anisamehe. Na anifungie ya watu watatu."

Jumamosi alfajiri walipanda basi na boksi la barafu. Walipofika Columbus, Angelika alifungua boksi na kugusa nyama. Ilikuwa baridi kama mawe. Wakakusanya mikate yao, wakala. Kisha akamkazia mumewe macho, kilomita baada ya kilomita.

"Usinitazame kama maiti," Reginaldi alisema.

"Tumbo likoje?"

"Linataka mkate mwingine."

Hakutapika. Jumapili alisimama kanisani, suti yake safi, mtoto wa Methodi mikononi. Maji yalipomwagwa, mtoto alilia na Reginaldi naye akalia.

Baada ya misa watu walijaa nyumbani kwa mama mkwe, Kostansia. Angelika alikuwa amepika wali palepale, mchana ule. Watu walikula wakashiba. Saa moja ilipopita, aliinua sufuria wageni wangali mezani. Akautandaza wali uliobaki kwenye sinia pana upoe haraka, akautia kwenye friji.

Kostansia aliona. Tangu jana alikuwa na shaka naye.

"Mkamwana," aliita mbele ya wote. "Jana umeingia kwangu bila ndoo, una boksi la barafu kama muuza samaki. Leo unaondoa chakula mbele ya wageni. Unatuficha nini? Simama uombe radhi."

Reginaldi alitaka kusema, Angelika akamzuia kwa mkono. Akasimama.

"Sifichi kitu, mama. Mwaka jana ndoo yangu ilifika na joto lake, na mwanao akalala hospitali. Nikawasingizia watu wa mkate. Kwao nimeomba radhi. Leo ndoo haikuja, na mwanao amembeba mjukuu wako kanisani kwa miguu yake mwenyewe. Wali uko kwenye friji. Kesho tutaupasha moto vizuri, na utakula."

"Nimesema omba radhi!"

"Nimesikia, mama," Angelika alisema. "Siombi."

Akachukua sufuria tupu, akaenda kuiosha.