Saa Kubwa ya Loredana

Asubuhi hiyo mkahawa wa stesheni ya Napoli ulifurika, watu wakinywa kahawa wima. Ruggero, fundi wa lifti, akahisi sweta yake inavutwa. Saa ya mwanamke aliyesimama kando yake ilikuwa imenasa kwenye uzi: saa ya kiume, pana, kwenye mkono mwembamba uliochomoza katika koti jekundu.

"Dada, hiyo ni saa au sinia?"

"Na hiyo yako ndogo, umeazima kwa shangazi?"

"Ya babu. Saa ndogo zimerudi, hujui?"

"Basi vaeni hizo. Kubwa tuachieni sisi."

Alicheka, na Ruggero akawa hajiwezi. Loredana alikuwa mfamasia, mwenye maneno ya haraka na macho ya kuchokoza. Kufikia majira ya joto walikuwa chanda na pete.

Ndipo Immacolata, dada yake Ruggero, alipotia chumvi kwenye chungu kisicho chake.

"Mjinga wee! Kwetu mwanamume hutoa pete, mwanamke humvisha mchumba wake saa. Ile ya kiume alimnunulia nani? Bila shaka uchumba ulivunjika, naye bado anamlilia mtu wake!"

Wivu ukamla Ruggero. Akaacha kupokea simu za Loredana, mpaka uzalendo ukamshinda, akapokea.

"Mpenzi, nimekukosea nini?"

"Saa hiyo ulimnunulia nani?"

"Corrado. Alikuwa awe mchumba wangu."

"Kumbe kweli!"

"Nisikilize, we kichwa kigumu! Siku ya kumvisha ilipofika, moyo ulikataa. Nikaachana naye, saa nikaivaa mwenyewe, nikaipenda. Haijagusa mkono wa mwanamume yeyote. Kesho njoo kwa sonara aliye karibu na duka langu la dawa. Usipokuja, tusijuane tena."

Ruggero alifika kabla duka halijafunguliwa, shati limepigwa pasi, roho mkononi. Loredana akaja na gauni la kijani, hakumsalimu, akaingia moja kwa moja.

"Naomba saa ya kiume."

"Kubwa au ndogo, signora?" aliuliza sonara. "Siku hizi vijana wanataka ndogo. Kubwa wanazimaliza kina dada."

"Muulize huyu. Ndiye atakayeivaa."

Wateja wote waligeuka. Kina mama wawili walishikana mikono. Ruggero alihisi masikio yanawaka.

"Lakini Loredana… mimi hata pete sijanunua!"

"Umechelewa, mpenzi. Nyoosha mkono."

Akavua saa ya babu, akaunyoosha.