Aliyeitikia Jina la Ruth

Mtaani kwetu Moshono aliishi bibi mmoja ambaye wakubwa kwa watoto walimwita Mgeni. Si kwamba alihamia jana. Mama yangu alimkuta, na bibi yangu naye alimkuta. Jina lake halisi alimtajia mama mara moja tu, wakiwa wanamenya ndizi, na alilitaja kwa kunong'ona huku akitazama mlangoni. Alisema anaitwa Elinaza, binti Aminieli. Yaliyompata ni haya, nami nayasimulia kama nilivyoyapokea.

Mwaka wa hamsini na tatu, enzi za Mwingereza, Elinaza alikuwa na miaka kumi na sita. Mama yake alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Baba yake, Aminieli, alichukuliwa vitani binti akiwa na miaka sita, akarudi salama hadi Mombasa, na hapo Mombasa pakammeza. Barua yake ya mwisho ilisema anapakua mizigo bandarini. Elinaza akabaki kwa shangazi yake Magdalena, mwanamke mwema asiye na maneno mengi, ambaye angeweza kumaliza siku nzima bila kumwita mtu kwa jina. Nyumba ile ilikuwa na chakula na ilikuwa na sala, lakini kwa upweke wake binti alizoea kuzungumza na kuku.

Jumamosi moja aliteremka sokoni Arusha na mkungu wa ndizi kichwani. Alikuwa mrefu, na mwendo wake ulikuwa wa mtu asiye na haraka hata akiwa na haraka. Mpiga picha Avtar, Singasinga mwenye studio nyuma ya soko, alimwona akipita, akamfuata mpaka alipotua mzigo.

"Binti, unajua kusimama?" akamwuliza.

"Kusimama nani asiyejua, Bwana Avtar?"

"Wengi. Wakiona kamera wanageuka mbao."

Akamweleza kwamba Bharat, mwenye duka la vitambaa, anatafuta msichana wa kuvaa nguo zake apigwe picha ya kalenda. Kalenda itachapwa Nairobi, na itatundikwa katika kila duka linalonunua kwake: Ngaramtoni, Babati, Moshi, mpaka Mombasa. Katika maneno yote hayo Elinaza alisikia neno moja tu, lile la mwisho. Shangazi alifikiri siku tatu, kisha akakubali kwa sharti kwamba magoti yasionekane.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi kama alivyodhani. Avtar alimfundisha kuweka uzito mguu mmoja, kushusha mabega, na kuzuia pumzi bila kukaza midomo. Nyuma yake palining'inizwa pazia lililochorwa ngazi za jumba la kitajiri. "Usiitazame kamera," Avtar alimwambia kutoka chini ya kitambaa cheusi. "Mtazame mtu unayempenda, aliye nyuma yake." Elinaza akamtazama baba yake. Sura yake ilikuwa ya mama yake kabisa, kila mtu alisema hivyo. Baba akiiona dukani, hata kama miaka kumi imepita, atamjua, na akimjua atarudi nyumbani.

Kalenda zilifika mwezi wa kumi na moja. Elinaza alisimama dukani kwa Bharat akijitazama ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu mama yake azikwe alijisikia kuwa yupo.

Wiki mbili baadaye wakaja wazee wawili studioni, Thomasi na mkewe Evaresta, wakulima wa kahawa wa juu kidogo ya Makumira. Walikuwa wameiona kalenda. Binti yao Ruth alikufa kwa homa wiki moja kabla ya kipaimara, naye hakuwahi kupigwa picha hata moja. Elinaza amefanana naye kimo na mabega. Je, angekubali kukaa kati yao, avae gauni la Ruth, na fundi arekebishe uso kidogo kwa penseli, ili wapate kitu cha kutundika? Avtar alikuwa ameifanya kazi hiyo mara nyingi. Watu wengi walikufa siku zile bila picha.

Elinaza alikubali. Nani angekataa, akimtazama yule mama alivyolishika gauni?

Alipokuwa akifunga vifungo nyuma ya pazia, mzee Thomasi alimsogelea, akanong'ona.

"Mke wangu atamwita marehemu mara tatu. Mchungaji hapendi, lakini kwa wazee wetu ndivyo ilivyo. Anayekaa kwenye kiti cha aliyekufa huitwa, naye hunyamaza. Ule ukimya ndio unaomzika. Usiitike, binti yangu. Hata akilia, usiitike."

"Sawa, baba," alisema Elinaza. Lilionekana jambo dogo.

Wakakaa. Avtar akajifunika kitambaa. Mkono wa Evaresta ukatua begani kwa Elinaza, mkono wenye joto, mgumu kwa jembe.

"Ruth," aliita Evaresta.

Kimya.

"Ruth."

Kimya. Gauni lilinuka sabuni na kabati la zamani.

"Ruth, mwanangu."

Miaka minne hakuna mtu aliyekuwa amemwambia Elinaza neno hilo, mwanangu, kwa sauti ile. Koo lilimtangulia kichwa.

"Abee, mama."

Kamera ikalia. Mzee Thomasi akafumba macho.

Hakuna aliyemgombeza. Evaresta alilikunja gauni huku akilia na kumshukuru, na wazee wakaondoka. Avtar akamwita Elinaza kwenye chumba cha giza aone picha inavyosafishwa, kama alivyopenda kumwonyesha siku zote. Chini ya taa nyekundu karatasi ilianza kupata sura ndani ya beseni la dawa. Kwanza alitokea Thomasi, akafuata Evaresta. Halafu gauni jeupe. Uso ulikuja mwisho. Ulikuwa uso wa Elinaza, hauhitaji penseli, na ulikuwa unatabasamu.

"Sikutabasamu," alisema Elinaza.

Avtar akaichomoa, akaitundika. Akachapa karatasi ya pili kutoka kioo kilekile kilichonasa picha. Katika ile ya kwanza msichana alitazama mbele. Katika hii amemgeukia mama.

Avtar akazima taa.

Kuanzia hapo mambo yakaenda polepole, kiasi kwamba Elinaza alidhani ni watu wamechoka. Bharat alimkuta mlangoni mwa duka siku ya kupiga picha za pili, akamwambia asubiri pembeni, anamngoja yule msichana wa kalenda. Kalenda ilikuwa juu ya kichwa chake. Elinaza akacheka. Bharat hakucheka. Elinaza akakimbilia studio, akaketi kwenye kiti bila kuambiwa. Avtar akajifunika kitambaa, akakaa humo muda mrefu.

"Bwana Avtar?"

"Sauti naisikia," alinong'ona kutoka chini ya kitambaa. "Kwenye kioo naona kiti tu."

Kanisani wenzake wa kwaya walimpisha nafasi kwa heshima, kama unavyompisha mtu wa usharika mwingine. Na jioni moja, akiwa anachochea moto, shangazi Magdalena aliingia na jembe begani, akasimama, akamtazama kwa upole.

"Karibu, mgeni. Umetoka kwa nani?"

"Shangazi, ni mimi."

"Ndiyo, mama. Kaa ule. Nina binti wa kaka yangu, wa rika lako. Hajarudi tangu juzi, na moyo wangu haujatulia."

Shangazi akakaa, akalia. Elinaza akamchemshia chai. Miezi yote iliyofuata aliishi katika nyumba hiyo hiyo kama mgeni aliyehurumiwa, akimsaidia shangazi kumtafuta Elinaza.

Masika yalipokolea, Aminieli alirudi.

Alikuja mchana, mvua ikimchuruzika mabegani, na kofia yake pana akiwa ameishika mkononi kwa heshima ya nyumba ya dada yake. Elinaza alimjua kwa kumtazama mara moja. Ndani ya kofia kulikuwa na ukurasa wa kalenda uliokunjwa, ili usilowe. Alikuwa ameuona dukani Mombasa, akasimama mbele yake mpaka mwenye duka akamwuliza kama anaumwa. Asubuhi ile alikuwa ameanzia mjini kwa mpiga picha, akaambiwa ipo picha nyingine Makumira.

Magdalena alimlilia begani, akamweleza kwamba binti amepotea tangu Desemba.

"Baba," alisema Elinaza. "Mimi hapa. Nitazame vizuri."

Aminieli aliukunjua ukurasa. Akatazama picha, akamtazama yeye, akatazama tena picha. Alijaribu kweli, hilo Elinaza alilisema mpaka anakufa. Alijaribu kweli.

"Usinitanie, binti," akasema. "Nimetoka mbali sana."

"Msamehe, kaka," alinong'ona Magdalena. "Mgeni huyu amechanganyikiwa kidogo."

Aminieli akaukunja ukurasa, akaurudisha ndani ya kofia, akatoka kwenda kuiona hiyo picha ya Makumira. Alipata lori barabara ya Moshi. Elinaza akamfuata kwa miguu, kwenye matope, saa tatu na zaidi, akimwita mpaka sauti ikakauka.

Alimkuta Evaresta amesimama nje ya nyumba, mlangoni, na kibuyu cha maziwa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Namtafuta mzee aliyekuja hapa."

Evaresta alitazama ndani, kisha akashusha sauti. "Aliningoja hapa nje mpaka niliporudi shambani, akaomba kuiona picha ya binti yetu. Nikamwacha ameketi, nikaenda hapo jikoni kumletea maziwa. Mlango ni huu mmoja, nami sikuupa kisogo. Sasa hayumo."

Elinaza akaingia.

Kigoda kilikuwa kitupu. Kofia ilikuwa sakafuni, imelowa. Ukutani kulikuwa na picha. Thomasi. Evaresta. Katikati, msichana wa gauni jeupe, mwenye uso wa Elinaza. Hakutazama mbele tena. Ameinua macho, anatabasamu.

Nyuma ya kiti alisimama mwanamume. Hana kofia. Mabega yamelowa. Mkono wake uko begani kwa msichana.

Evaresta hakuingia. Kutoka mlangoni, kwa mazoea ya miezi ile yote, alinong'ona, "Ruth, mwanangu."

"Abee, mama," ukuta ukajibu.

Ilikuwa sauti ya Elinaza. Yeye mwenyewe alikuwa amefumba mdomo.

Akasogea karibu na picha.

"Baba," akaita.

Kimya.

"Baba."

Kimya. Maji yalidondoka kutoka ukingo wa kofia.

"Baba, ni mimi."

Akangoja. Akangoja sana, mpaka Evaresta akaja kumshika mkono na kumtoa nje, akampa maziwa yale yaliyokuwa ya baba yake. Hapo ndipo yalipomrudia maneno ya mzee Thomasi kuhusu ule ukimya. Lakini kati yake na wale wa pichani, nani alikuwa amezikwa siku ile, hakuweza kusema.

Aliiokota kofia akarudi nayo kwa shangazi. Aliishi miaka mingi, hakuolewa, na alipofariki tulitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza hatukuipata. Kofia mama anayo, imening'inia kwenye msumari chumbani. Ukurasa wa kalenda bado umo ndani yake, na nimeukunjua mwenyewe. Kuna ngazi za jumba la kitajiri, na kuna gauni zuri la kitambaa cha Bharat lililosimama wima kwenye ngazi, limejaa mabega na kiuno, ila juu ya kola hapana kitu.