Grisi kwenye Skrubu

Mwalimu aliyepotea Jumamosi mlimani alipatikana Jumapili, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, chini ya genge kwenye njia ya zamani. Alikuwa amekufa. Mumewe, aliyekesha getini, aliuliza swali moja tu: "Nani alimpeleka huko?"

Afande, mkuu wa askari wa hifadhi, alipanda mwenyewe hadi njia panda. Kibao kilichochongwa kama mshale na kuandikwa MAPOROMOKO pande zote mbili kilitakiwa kuelekea kushoto. Kilikuwa kimegeuzwa kulia, kwenye njia ya zamani ambayo mvua ilikuwa imekula kingo zake. Skrubu zote nne zilikuwa zimekazwa barabara, na alipozigusa vidole vyake vilirudi na grisi. Akavifuta kwenye suruali.

Wa kwanza kumjia akilini alikuwa mwongoza wageni aliyefukuzwa mwezi uliopita kwa kuwapeleka watu hadi kwenye kiota cha tai. Alimkuta kwake akianua nguo.

"Ulipofukuzwa ulisema hifadhi itakukumbuka. Na sasa kibao kimegeuzwa, kikafungwa skrubu nne, mtu amekufa."

"Nilisema, Afande. Mdomo wangu hauna breki. Lakini kwa hasira zile, kibao ningekipiga teke kikaishia bondeni. Nikae pale nakaza skrubu, mimi?"

Afande alirudi akilitazama doa la grisi kwenye suruali yake. Mhuni hajali kutu. Hifadhi nzima mtu mmoja tu hupaka grisi kila skrubu kabla ya kuikaza, hata ya mlango wa choo, na wenzake humcheka kwa hilo. Ni fundi wa njia, mdogo wa mume wa Afande mwenyewe.

Saa tisa alasiri alimkuta karakanani, akinoa patasi iliyokwisha kunoleka.

"Shemeji, kile kibao ulikigeuza lini?"

Mkono wa fundi ukasimama. "Ijumaa, saa kumi jioni."

"Kwa nini?"

"Tai ana kinda. Wageni wakipita njia ya kushoto, chini ya kiota, na makelele yao, mama anaruka, anakaa mbali saa nzima, kinda linaungua jua. Nikasema wazunguke njia ya zamani, watokee getini wakininung'unikia, basi. Sikujua kingo zimebomoka."

"Fundi wa njia, hukuikagua?"

"Sikuikagua." Alianza kulia. "Nimemuua mke wa mtu kwa ajili ya ndege, shemeji."

"Nani mwingine alijua?"

Fundi akamtazama, kisha akainamisha macho. "Alhamisi nilikuja ofisini. Nilikuomba uifunge ile njia ya kiotani. Ulikuwa unasaini makaratasi."

Afande alikumbuka. Hata kichwa hakuinua siku ile. Aibu ikampanda mpaka masikioni, akavuta kigoda, akakaa.

Aliandika maelezo yote ya fundi, akampa asaini. Halafu akachukua karatasi nyingine.

"Rudia nilichokujibu Alhamisi."

"Achana na hilo, shemeji. Kazi yako itaota mbawa, na watoto wanakutegemea."

"Rudia. Polepole, niandike."

Fundi akaweka patasi chini. "Ulisema: 'Usinichoshe, shemeji. Fanya unavyojua, mradi watu wasipite pale.'"

Afande aliandika neno kwa neno, akasaini chini. Kisha akachukua karatasi zote mbili, akaenda getini kumsomea mume wa mwalimu.