Hodi Msituni Pugu

Haya yalimpata rafiki yangu Wilbert, karani wa Chang'ombe, mwaka 1951. Mwenzake Polikarpo aliacha ualimu, akagawa viatu vyake, akahamia peke yake msitu wa Pugu, eti mtu huru hahitaji mshahara. Mama yake Polikarpo alipozidiwa na ugonjwa, Wilbert alimfuata mwenzake huko.

Alipiga hodi kibandani.

"Karibu," Polikarpo aliitika kutoka ndani.

Wilbert akaingia gizani, akapapasa kitanda. Hapakuwa na mtu. Majani mabichi yalikuwa yameota yakapenya kamba za kitanda, yakamfikia Wilbert kifuani.

"Polikarpo, twende, nakusihi! Mama anakuita, angali hai!"

Nje ya mlango ikapigwa hodi, kwa sauti ya Wilbert mwenyewe: "Polikarpo, ndugu yangu, mama tumeshamzika."