Buddha Juu ya Mafiga

Msumari ulibaki ukutani, picha haipo.

Mkaguzi wa Polisi Philomena aliutazama, kisha akamtazama Danford, ofisa utawala wa kambi ya ujenzi wa barabara pale Somanda. Tai, marashi, na mdomo usiochoka. Alimchukia tangu salamu.

"Ni mlinzi, Mayige. Mnaye mahabusu tayari, Afande. Mnangoja nini kumpeleka mahakamani?"

Mhandisi Liu, mwenye picha, alikaa kando ya sanduku lake. Ilikuwa picha ya Buddha, ya hariri na dhahabu, iliyochorwa ndani ya ikulu ya China ili mama yake mfalme apige magoti mbele yake. Kila Jumapili Liu aliitundika, akaifukizia ubani, akanywa chai na Mayige. Kisha Mayige aliikunja na kuirudisha sandukuni. Sasa sanduku lilikuwa tupu, na alama za vidole vya mzee huyo zilikuwa tele juu yake. Kesho angesomewa shtaka.

"Nani mwingine ana ufunguo wa chumba hiki?" Philomena aliuliza.

"Mimi, wa akiba. Mimi ni ofisa."

"Kwako unapikia nini?"

"Gesi! Kuni ni za watu wa kijijini."

"Na hayo masizi kwenye kola?"

Danford alijifuta, akazidi kuyasambaza. "Jana nilikwenda Mkula, kumsalimia mama."

"Basi twende tukamsalimie."

Huko Mkula, Mama Martha aliwapokea jikoni bila wasiwasi.

"Mwangaluka, mayu," Philomena alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mmefuata mzigo wa mwanangu?"

Akaonyesha furushi kichanjani juu ya mafiga, kati ya mahindi ya mbegu yaliyowekwa moshini yasibunguliwe. Philomena aliikunjua hariri. Dhahabu ilikuwa nyeusi tii. Uso wa Buddha haukuonekana.

"Umeiweka motoni?"

"Moshini," Danford alimsahihisha, msomi mpaka mwisho. "Liu huifukizia kila wiki. Nikajua ndivyo inavyotunzwa, kama mbegu."

Philomena alitaka kucheka, kinyaa kikamzuia. "Ulitaka kuiuza?"

"Hapana! Miaka mitatu niko pale, nina digrii, hajanikaribisha hata kikombe kimoja. Anakaa na mlinzi! Nilitaka amwone ni mwizi."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Mtu mzima na ndevu zake," alisema Philomena, akamfunga pingu.

Jioni Mayige aliachiwa. Liu aliitandaza picha mezani, akalia waziwazi. Kisha akachoma ubani, akamimina chai vikombe viwili. Mayige alinawa mikono, akaikunja polepole kama alivyofundishwa.

Danford, aliyeletwa kuonyesha alivyoingia, alisimama mlangoni na pingu zake. Hakuna aliyemkaribisha.